Laptopu inapiga mlio kila nikifika Bomalang'ombe: nageuza herufi ndogo kuwa kubwa kwa C, nisaidieni

#1 Kijana wa Ipogolo
Kamwene wakuu. Naomba msaada, nimekaa na hili jambo usiku wa tatu sasa.

Nina orodha ya wakulima wa nyanya na viazi wa Kilolo, jina na kijiji. Aliyenipa kazi anataka majina yote yatoke kwa herufi kubwa. Najifunza C, lugha ya kuandikia programu, nikasema niandike mwenyewe. Nilisoma kwamba 'a' ni 97 na 'A' ni 65, tofauti 32, kwa hiyo ukitoa 32 umemaliza kazi. Nikaandika hivi, baada ya kusoma mstari kwa fgets:

    for (i = 0; s[i] != '\0'; i++)
        s[i] = s[i] - 32;
    printf("%s\n", s);

Yanayotokea:
"neema juma" inatoka NEEMA tu. Juma hayupo.
"Ilula" inatoka )LULA
"Mtitu" inatoka -TITU
"bomalang'ombe" inatoka BOMALANGOMBE, na hapohapo laptopu inapiga mlio. Kijiji hicho tu! Nikiandika "ng'uruhe" inalia tena. "ng'ang'ange" inalia mara mbili. Nikiandika "dabaga" au "mahenge" kimya kabisa.

Ni nini hiki?

#2 Kitulo Baridi
Nimekaa siti ya mbele. Hiyo ya kulia kwa kijiji kimoja sijawahi kuisikia.

#3 Fundi Mafiati
Mkuu, hiyo ni RAM. Natengeneza laptopu hapa Mafiati mwaka wa saba, mashine ikipiga mlio nafungua, nasugua meno ya RAM kwa kifutio, nairudisha, basi. Baridi ya mwezi huu wa saba inafanya vyuma vishike unyevu. Ilete uangaliwe bure, utalipa nauli tu.

#4 Binti Kihesa
Fundi #3, RAM haijui tofauti ya Bomalang'ombe na Dabaga.

Mleta uzi, kuhusu jina kukatika: umetumia scanf("%s")? Hiyo inasoma mpaka nafasi ya kwanza tu. Ilinitesa sana mwaka wa kwanza. Badili utumie fgets.

#5 Kijana wa Ipogolo
Dada Binti Kihesa, nimesema #1 kwamba natumia fgets. Na nikichapa s kabla ya kugeuza, "neema juma" inatoka nzima. Inakatika baada ya lupu, ile for inayorudia.

Kitu kingine nilisahau kusema: majina ya neno moja yanatoka na kialama mwishoni, kama almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza ndani. Natumia Linux.

#6 Kiwira
Kijana, usijibu maswali kwa kukisia. Uiambie mashine ikuonyeshe namba zenyewe. Chukua urefu KABLA ya kugeuza, kisha chapa kila herufi kama namba:

    n = strlen(s);
    /* lupu yako hapa */
    for (i = 0; i < n; i++) printf("%d ", s[i]);

Lete matokeo ya "neema juma" na "bomalang'ombe".

#7 Kijana wa Ipogolo
Haya hapa, kaka Kiwira.

neema juma:
78 69 69 77 65 0 74 85 77 65 -22

bomalang'ombe:
66 79 77 65 76 65 78 71 7 79 77 66 69 -22

#8 Kiwira
Umeona sasa? Tazama namba ya sita ya mstari wa kwanza. Ni 0.

Nafasi kati ya neema na juma nayo ni herufi kwa macho ya mashine, na namba yake katika ASCII, ile meza ya namba za herufi, ni 32. Umetoa 32 ukapata 0. Katika C sifuri ndiyo alama ya "maneno yameishia hapa". Juma hajafutwa, yupo pale 74 85 77 65, yaani JUMA mzima kwa herufi kubwa. Ila umejenga ukuta mbele yake na printf haivuki.

Sasa mstari wa pili, baada ya 71 kuna 7. Apostrofi ya ng' ni 39. Toa 32, unabaki na 7. Na 7 katika ASCII si herufi ya kuandikwa, ni kengele. Ukiituma kwenye skrini, skrini haichori kitu, inalia. Ng'ang'ange ina apostrofi mbili, kengele mbili. Dabaga haina hata moja.

#9 Kitulo Baridi
Aisee!! Nimesoma mara mbili. Yaani ng' yetu ni kengele.

#10 Fundi Mafiati
Nakubali, #8 umenifunga. Ila wateja wangu wengi ni RAM kweli.

#11 Mzee wa Teleksi
Vijana, mmenikumbusha mbali. Miaka ya sabini nilikuwa nakaa kwenye mashine ya teleksi. Ile ilikuwa na kengele ya chuma ndani yake. Mwenzako wa Dar akitaka uje mezani anapiga alama ya kengele na mashine ya kwako inalia "ting", unaacha chai unakimbia. Kengele ilikuwa ufunguo uleule wa J, ukishahama kwenda upande wa tarakimu. Na hatukuwa na herufi kubwa na ndogo, tulikuwa na aina moja tu ya herufi. Msimbo ulikuwa wa matundu matano kwenye utepe wa karatasi, matano yanakupa michanganyiko 32, hapakuwa na nafasi ya kuweka alfabeti mbili.

Kwa hiyo hiyo 7 ya kijana ni kengele ileile, imehama nyumba tu.

#12 Binti Kihesa
Shikamoo mzee. Hii sikuijua, asante.

#13 Mwanafunzi Iyunga
Nami niongeze. Lupu ya mleta uzi inakufa ikifika kwenye nafasi, kwa sababu s[i] inakuwa '\0' na sharti linasema s[i] != '\0'. Ndiyo maana Juma hageuki.

#14 Kiwira
#13, angalia tena. Inapogeuza nafasi kuwa sifuri, i inaongezeka KWANZA, ndipo sharti linapimwa, na hapo linapimwa kwa 'j', si kwa sifuri. Lupu inaendelea mpaka mwisho. Namba za #7 zinaonyesha JUMA amegeuka.

Ila ungekuwa umeandika i < strlen(s) kwenye sharti, maneno yako yangekuwa kweli. Baada ya sifuri kuwekwa, strlen ingerudisha 5, i ingekuwa 6, lupu ingekoma, na juma angebaki mdogo nyuma ya ukuta. Mstari mmoja tu wa tofauti.

#15 Mwanafunzi Iyunga
Nimejaribu zote mbili sasa hivi. Kweli kabisa, naondoa kauli.

#16 Ubaruku
Na herufi zilizokuwa kubwa tayari je? Naona hamjamjibu )LULA.

'I' kubwa ni 73, toa 32 ni 41, na 41 ni mabano ya kufunga. 'M' ni 77, inakuwa 45, kistari. Kwa hiyo mkoa mzima unaharibika kwa utaratibu: Mbeya ni -BEYA, Tukuyu ni 4UKUYU, Rungwe ni 2UNGWE, Kyela ni +YELA, Uyole ni 5YOLE.

Dawa ni kuuliza kabla ya kutoa:

    if (s[i] >= 'a' && s[i] <= 'z')
        s[i] = s[i] - 32;

Nafasi haiguswi, apostrofi haiguswi, herufi kubwa haiguswi, mstari mpya haiguswi. Na hiyo -22 ya mwisho ni alama ya mstari mpya: 10 toa 32. Fgets huwa inaacha alama hiyo mwishoni.

#17 Kijana wa Ipogolo
Imekubali! NEEMA JUMA wote wawili wapo. BOMALANG'OMBE kimya na apostrofi yake. Mungu awabariki.

Ila kwa nini ile -22 kwangu inatoka almasi, na jamaa yangu wa Mafinga nilimtumia programu akasema kwake inatoka Ω?

#18 Binti Kihesa
Kwa sababu -22 ukiisoma bila alama ya kutoa ni 234, na 234 haimo kwenye ASCII. ASCII inaishia 127. Juu ya hapo kila mfumo una meza yake. Skrini nyeusi ya Windows yenye meza ya zamani ya 437 inaweka Ω pale. Ukiihifadhi kwenye faili na kuifungua kwa meza ya Ulaya Magharibi utaona ê. Linux yako inasubiri UTF-8, meza ambayo herufi moja ya juu ya 127 huchukua baiti kadhaa, inaona baiti isiyo na wenzake, inakuwekea almasi. Baiti ni hiyohiyo moja.

#19 Mwalimu wa Makambako
Wadau, mbona hakuna aliyetaja toupper? Ipo ndani ya C yenyewe, unaandika #include <ctype.h> na

    s[i] = toupper(s[i]);

Kwisha. Isiyo herufi ndogo inarudishwa ilivyo. Wanafunzi wangu siwaruhusu kuandika 32 popote. Anayesoma msimbo wako mwakani atajuaje 32 ni nini?

#20 Fundi Mafiati
Au strupr(s) moja kwa moja, bila lupu. Niliitumia kwenye Turbo C.

#21 Kijana wa Ipogolo
Strupr imekataa kwangu, inasema haijulikani.

#22 Kiwira
Strupr haimo kwenye kiwango cha C. Ni ya akina Borland na Microsoft. Linux haina.

Toupper ndiyo njia, nakubaliana na Mwalimu, ila Mwalimu umeacha kitu: andika toupper((unsigned char)s[i]). Toupper inapokea int, namba nzima, na kiwango kinasema thamani iwe kati ya zinazoingia kwenye unsigned char, yaani char isiyo na hasi, au EOF, alama ya mwisho wa faili. Ukiipa namba hasi nyingine yoyote, hakuna ahadi ya kitakachotokea. Na char kwenye laptopu nyingi ina upande wa hasi, umeona mwenyewe -22.

#23 Mwalimu wa Makambako
Sahihi, ila kwa majina ya Kiswahili hasi itatoka wapi? Alfabeti yetu yote imo ndani ya ASCII. Hatuna vinyweleo juu ya herufi kama Wafaransa. Namfundisha mtoto wa kidato cha tatu, nikimwekea unsigned char siku ya kwanza anakimbia.

#24 Dereva wa Kasumulu
Mwalimu, mpakani huku inatoka kila siku. Nasaidia ofisi ya mizigo, majina ya Wamalawi yana ŵ, ile w yenye kofia, hata Malaŵi lenyewe wengine wanaliandika hivyo. Katika UTF-8 ŵ ni baiti mbili, 197 na 181. Kwenye char yenye hasi zinakuwa -59 na -75. Toupper inaangalia baiti mojamoja, haioni herufi. Matokeo yangu yalikuwa MALAŵI, kofia imebaki ndogo katikati ya herufi kubwa. Niliponea kwenye setlocale na towupper, ile ya wctype.h, baada ya kugeuza kila neno kuwa wchar_t, aina ya herufi pana. Ilinichukua wiki.

#25 Kitulo Baridi
Ugonile Dereva! Kyela oyee.

#26 Ubaruku
Swali la pembeni kwa wanaojua: kwa nini tofauti ni 32 kamili na si 26? Alfabeti ina herufi 26. Wangepanga z ndogo ifuate Z kubwa moja kwa moja tofauti ingekuwa 26.

#27 Mwanafunzi Iyunga
Ni mambo ya biti. 32 ni 2 kwa kipeo cha 5, biti moja tu. A ni 1000001, a ni 1100001. Ukitaka kubwa unaizima, & ~32. Ukitaka ndogo unaiwasha, | 32. Ukitaka kubadilisha tu, ^ 32. Zama zile saketi zilikuwa ghali, kuwasha biti moja ni rahisi kuliko kujumlisha 26. ASCII ilitoka 1967 wakati mashine zina baiti chache.

#28 Mzee wa Teleksi
Mwanangu, ASCII ni ya 1963. Na ile ya 1963 haikuwa na herufi ndogo, safu zake zilikuwa wazi. Herufi ndogo zimeingia kwenye toleo la 1967. Mimi naona sababu ni hiyo: walikuta safu mbili za mwisho karibu tupu, wakazipanga mkabala na kubwa.

#29 Mwanafunzi Iyunga
Asante mzee kwa mwaka. Lakini kupanga mkabala ndiko kunakoleta biti moja, kwa hiyo hatupingani?

#30 Kiwira
Mimi nafikiri ni kupanga orodha. Ukiidharau biti hiyo moja unaweza kulinganisha "Neema" na "neema" kama neno moja. Kila chumba kina watu 32, vyumba vinne, jumla 128: alama za amri, kisha tarakimu na vituo, kisha kubwa, kisha ndogo. Kati ya Z na a kuna sita za kujazia, 91 mpaka 96.

#31 Ubaruku
Watatu, majibu matatu. Nitabaki nalo.

Ila #27 angalizo: & ~32 kwa apostrofi inaleta 7 ileile, kengele inarudi. Kinyume chake | 32 ni salama kwa apostrofi na kwa nafasi, zote tayari zina biti hiyo. Ila mstari mpya unakuwa nyota, 42. Na kistari cha chini, 95, kinakuwa 127, alama ya kufuta. Kwa hiyo lile sharti la if halikwepeki hata kwa biti.

#32 Mstaafu wa IBM
Salaam. Nimechelewa. Hata if ya #16 inategemea kwamba a mpaka z zimefuatana. C haijawahi kuahidi hivyo. Imeahidi '0' mpaka '9' tu. Nilifanya kazi kwenye mashine kubwa za IBM, zinatumia EBCDIC, meza yao wenyewe ya namba za herufi. Kule A ni 193 na a ni 129, ndogo ndiyo iko chini, na tofauti ni 64. Na I ni 201 lakini J ni 209, kuna shimo la saba katikati. Toupper inajua mpangilio wa mashine yake, 32 haijui.

#33 Fundi Mafiati
Mzee, Iringa nzima hakuna EBCDIC hata moja. Kijana ana laptopu ya Linux.

#34 Mstaafu wa IBM
Sawa, lakini msimbo unasafiri kuliko mwandishi wake.

#35 Chipukizi Njombe
Samahani kuingilia. Mimi programu inaanguka kabisa, haijafika hata kugeuza:

    char *mji = "njombe";
    mji[0] = toupper(mji[0]);

#36 Binti Kihesa
Hapo unajaribu kuandika juu ya maneno yaliyochomekwa ndani ya programu yenyewe, na Linux inayaweka sehemu isiyoruhusu kuandikwa. Badili iwe char mji[] = "njombe"; upate nakala yako.

#37 Chipukizi Njombe
Imekubali. Asante sana dada.

#38 Kijana wa Ipogolo
Wakuu nimerudi. Aliyenipa kazi amebadili mawazo. Anasema herufi kubwa tupu zinaonekana kama tangazo la msiba, anataka ya kwanza tu kwa kila neno. Nikaandika: kama herufi iliyotangulia si isalpha, yaani si ya alfabeti, basi hii ni mwanzo wa neno, ikuze. "neema juma" imekuwa Neema Juma, safi. Ila Bomalang'Ombe. Ng'Uruhe. Ng'Ang'Ange!

#39 Mwalimu wa Makambako
Hii haivumiliki. Ng' ni sauti moja. Apostrofi pale haitenganishi neno, ni kiungo cha herufi. Mtoto akiniandikia Ng'Ombe daftarini naweka mstari mwekundu. Mwanzo wa neno uhesabu apostrofi kuwa ndani ya neno:

    if (!isalpha(kabla) && kabla != '\'')

#40 Kiwira
Nzuri, ila jina likianza kwa alama ya nukuu moja, 'neema', n haitakua.

#41 Mwalimu wa Makambako
Basi iangalie kwamba kabla ya apostrofi kuna g, na kabla ya g kuna n. Hapo umeitambua ng' yenyewe.

#42 Dereva wa Kasumulu
Na aliyeandika NG'OMBE yote kubwa? Utaangalia G na N pia.

#43 Kijana wa Ipogolo
Nimefuata #41 na #42, napitisha kwanza kwa tolower, inayogeuza kuwa ndogo, halafu naangalia n, g, apostrofi. Bomalang'ombe safi. Ng'uruhe safi. Nikafurahi nikazima mashine.

Leo asubuhi orodha ya kijiji cha mwisho imeletwa kwa ujumbe wa simu, nimeinakili kwenye faili, na imetoka Ng’Ang’Ange vilevile. Nimechapa namba kama alivyonifundisha kaka Kiwira:

78 103 -30 -128 -103 65 110 103 -30 -128 -103 65 110 103 101

39 haipo popote.

#44 Dereva wa Kasumulu
Hiyo ni apostrofi iliyopinda. Simu ya aliyeandika imeibadilisha yenyewe. Baiti tatu: 226, 128, 153. Karibu kwenye dunia ya ŵ, mdogo wangu.

#45 Mwalimu wa Makambako
Safisha mlangoni. Mstari ukiingia tu, badili hizo tatu ziwe 39 moja, kabla ya kitu kingine chochote.

#46 Mstaafu wa IBM
Mimi nisingegusa alichoandika mkulima. Hifadhi ilivyo, badili wakati wa kuchapa. Kesho akileta aliyetumia alama ya tatu, utakuwa na asili yake.

#47 Mwalimu wa Makambako
Na siku atakapotafuta Ng'ang'ange kwenye orodha akakosa nusu ya kijiji?

#48 Kijana wa Ipogolo
Nimehesabu: waliopinda 14, wa 39 ni 31, na mmoja ameandika Nganga'nge. Huyo nitampigia simu.